Utafiti Uliolala Kisarawe

Jumatatu, 10 Machi

Nimeanza kazi leo, na masika nayo yameanza leo. Kutoka nyumbani Picha ya Ndege hadi ofisini hapa Kibaha nimelowa mpaka nguo za ndani. Dk. Stellamaris, mkuu wa mradi, amenipa taulo lake la mikono, akacheka, akanikalisha mbele ya kompyuta.

Jana mume wangu Didas aliniuliza kazi yenyewe ni nini, nikamjibu ovyo. Ngoja niieleze hapa vizuri. Tuna swali moja: mama akishajifungua akarudi nyumbani, mhudumu wa afya wa kijijini akimtembelea ndani ya wiki ya kwanza, je, vifo vya watoto wachanga vinapungua? Sisi hatupimi mtoto yeyote. Tunatafuta kila utafiti uliowahi kufanywa juu ya swali hilo, popote duniani, tunausoma, tunaujumlisha na wenzake, kisha tunasema zote kwa pamoja zinaonyesha nini. Haya ndiyo mapitio ya kimfumo. Na kuna mwongozo wa namna ya kuyaripoti, ambao watafiti wamekubaliana: useme ulitafuta wapi, kwa maneno gani, ulipata nini, uliacha nini, na kwa nini uliacha.

"Mtu asiyetupenda akitaka kupita njia tuliyopita, aweze," amesema Daktari. "Hicho ndicho kipimo."

Mwezi wa tano wakubwa wa wilaya watakaa kuamua kama ziara hizo ziendelee Kibaha na Kisarawe. Wanasubiri jibu letu. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi kabla ya kurudi chuo. Jibu ninalolitaka ninalijua.

Jumatano, 12 Machi

Kila utafiti unasomwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, halafu wanalinganisha. Mwenzangu ni Abdulkadiri, mtaalamu wa takwimu. Mrefu, mkimya, ana tabia ya kugonga meza kwa kidole kabla ya kukataa. Leo amegonga sana.

Jumanne, 18 Machi

Umeme hakuna tangu asubuhi. Tumesoma kwenye karatasi. Vyura wameimba mpaka ndani ya choo.

Jumatatu, 24 Machi

Nimegombana na Abdulkadiri. Nimeona utafiti mzuri, ziara zinafanyika, watoto wanapona, nikasema uingie. Akagonga meza.

"Hawakusema waliwagawaje wale waliotembelewa na wasiotembelewa."

"Si wamesema kwa bahati nasibu?"

"Wamesema. Hawakueleza ilifanywaje. Tuwaandikie, tuwaulize."

"Abdul, watu wako Asia huko, mwaka gani watajibu?"

"Tutaandika kwamba tumeuliza na hawajajibu, Dada Eva. Hilo nalo linaandikwa."

Hakupandisha sauti hata kidogo, na ndilo lililonikera. Amefunga tangu alfajiri, mimi nimekunywa chai mara mbili, na bado yeye ndiye mtulivu. Nimemwambia Didas jioni kwamba nafanya kazi na ukuta. Didas ameuliza ukuta huo unaegemeka au hauegemeki. Yeye akitoka kazini bandari kavu ya Kwala, kwenye makontena, huwa na maswali ya namna hiyo.

Alhamisi, 27 Machi

Leo tumepata kitu. Mwongozo unataka tutafute si majarida tu, bali hata orodha ambako watafiti husajili tafiti zao kabla ya kuzianza. Nikaandika neno "Tanzania", nikashuka taratibu, nikaliona: utafiti wa ziara za nyumbani kwa watoto wachanga, Kisarawe, zaidi ya miaka kumi iliyopita. Umesajiliwa. Ulianza. Umeandikwa "umekamilika". Matokeo, hakuna. Nimetafuta kila jarida ninalolijua, hakuna. Mtafiti mkuu: Mudathir Mwinyimadi.

Nimegeuza kompyuta Abdulkadiri aone. Ameangalia jina lile muda mrefu. Hakugonga meza.

"Huyu yu hai," amesema. Kisha ameinuka kwenda kuswali.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Abdulkadiri ametuma hotpoti ya pilau mpaka mlangoni kwetu, na kuku. Sikutegemea. Didas amekula akasema ukuta huu unaegemeka.

Alhamisi, 3 Aprili

Daktari ametaka tuone hesabu ya awali. Kwenye mchoro kila utafiti ni kisanduku kidogo chenye mkia huku na huku, na katikati kuna mstari. Kisanduku kikiwa kushoto mwa mstari, ziara zimesaidia. Mkia ukivuka mstari, hatuna uhakika. Chini kabisa kuna almasi, ndiyo jumla ya zote. Almasi yetu imekaa kushoto, imeachana na mstari kwa nafasi ndogo lakini imeachana.

Dk. Stellamaris amenikumbatia. Alikulia kijijini Bukoba, mama yake alizaa watoto na kuwazika wengine nyumbani, na ziara hizi alizipigania yeye tangu mwanzo, ofisi kwa ofisi. Nimempenda sana leo.

Abdulkadiri amesema, "Wa Kisarawe bado hatujaupata."

Daktari amesema, "Mtafuteni," lakini alikuwa ameshaanza kuzungumza habari nyingine.

Jumanne, 8 Aprili

Nimempata Mzee Mudathir kwa simu. Nimejitambulisha, nimemweleza.

"Mwanangu, ule utafiti ulishakufa," amesema. "Uacheni."

Nimemwomba tu tuje kumsalimia. Amesema mgeni hafukuzwi, na akaelekeza njia.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumekwenda mimi na Abdulkadiri. Bodaboda mpaka Soga, tumevalishwa makoti ya plastiki, kisha treni ya umeme hadi Pugu, na kutoka Pugu tukapanda mlima kwa bodaboda nyingine, msitu umejaa ukungu pande zote mbili. Ndani ya treni ndipo Abdulkadiri aliponiambia.

"Alinifundisha. Takwimu zote ninazozijua, mwanzo wake ni yeye."

"Mbona hukusema siku zote hizi?"

"Ningesema ungedhani nataka utafiti wake uingie kwa kuwa ni mwalimu wangu. Au utoke." Ameangalia dirishani. "Nilitaka tuupate kama tunavyopata mwingine wowote."

Nikaona aibu kidogo kwa yale niliyomfikiria.

Nyumba ya Mzee Mudathir iko nje ya mji, njia ya kwenda Maneromango, bati la bluu, mbele kuna mananasi. Binti yake, Zena, ametupokea na kutupa kanga tujifute. Mzee mwenyewe ni mfupi, kanzu safi, sauti ya darasani. Abdulkadiri aliposema "Shikamoo, Mwalimu," akamshika mkono wala hakuuachia mpaka walipokaa.

Tumekula mihogo ya nazi. Tumezungumza mvua, bei ya korosho, treni. Kisha yeye mwenyewe akaanza.

"Tulichota majina ya vitongoji kwenye bakuli, hadharani, kila mtu akiona. Nusu wakatembelewa, nusu hawakutembelewa. Niliwafundisha wahudumu mimi mwenyewe. Mmoja wao alikuwa mke wangu, Tunu." Amenyoosha kidole ukutani kwenye picha ya mwanamke amesimama kando ya baiskeli, mkoba begani. "Masika kama haya. Alikuwa anavuka mito maji yakiwa kiunoni, mkoba kichwani. Mwisho wa mwaka nikapiga hesabu. Nikapiga tena. Hapakuwa na tofauti. Watoto waliofariki huku na kule walikaribiana."

"Ukafanyaje, Mzee?" nimeuliza.

"Nikaandika. Jarida la kwanza likarudisha, likasema hauna jipya. La pili hivyo hivyo. Wakubwa zangu wakaniambia hakuna anayesoma habari ya kitu kisichofanya kazi. Nami, kusema kweli, sikuhuzunika. Ningeutoa, ningekuwa nimesema mbele ya watu kwamba Tunu alitembea bure. Alikuwa ameshaanza kuumwa. Nikaona ngoja apone kwanza." Amevuta kanzu magotini. "Hakupona."

Mvua ilikuwa inapiga bati, tukakaa nayo.

Mimi nilikuwa nimejiandaa maneno mengi ya mwongozo, yote yakaniisha. Nikasema tu, "Mzee, tukiandika kwamba tumetafuta kila mahali, na wewe tunakujua tukakuacha, tutakuwa tumedanganya."

"Andikeni mliniuliza nikakataa. Si mnaruhusiwa?"

"Tunaruhusiwa," amesema Abdulkadiri. "Lakini Mwalimu, Mama alitembea ili ijulikane. Mpaka leo haijajulikana."

Zena, aliyekuwa mlangoni na sinia, akasema polepole, "Baba, mama aliuliza majibu mpaka hospitali. Ulikuwa unamwambia bado."

Tumeaga bila jibu. Tuliposhuka Soga, Abdulkadiri amesema, "Sikupaswa kumwambia vile." Nikamwambia alipaswa.

Jumatano, 16 Aprili

Mzee hajapiga simu. Mvua tu. Barabara ya kwetu imegeuka mfereji, Didas amevuka na mabuti ya mpira, viatu vya kazini ndani ya mfuko.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kanisani nimemwombea Mzee Mudathir, sikujua niombe nini, nikataja jina tu.

Jumatano, 23 Aprili

Zena amekuja mwenyewe ofisini, amelowa, ameleta faili la baba yake. Taarifa yote ya utafiti ipo, safi, imepangwa kama ya mtu aliyetegemea kuulizwa siku yoyote. Mzee amesema kama kuna swali tumpigie, atajibu lolote, hata lile la aibu. Abdulkadiri amempisha Zena kiti chake akaenda kumtafutia chai.

Alhamisi, 24 Aprili

Tumeuingiza. Utafiti ni mkubwa, umefanywa kwa uangalifu kuliko nyingi tulizonazo, kwa hiyo una uzito. Kisanduku chake kimekaa juu ya mstari kabisa. Na almasi yetu imesogea. Sasa inagusa mstari.

Maana yake si kwamba ziara hazisaidii. Maana yake ni kwamba hatuwezi tena kusema kwa uhakika kuwa zinasaidia.

Dk. Stellamaris ameangalia mchoro, ameketi, amevua miwani.

"Kikao ni wiki mbili zijazo," amesema. "Nikisimama nikasema hatuna uhakika, wanaume watano watasikia 'haifai'. Wataufuta mpango. Baada ya hapo kuna mama atajifungua Jumatatu na hakuna atakayebisha hodi."

Alisoma taarifa ya Mzee kwa muda, kisha akainua uso. "Hapa. Ziara nyingi zilichelewa. Mito ilijaa, wahudumu wakafika siku ya nne, ya tano. Hii si huduma tunayoizungumzia. Evaline, uutoe kwa sababu hiyo. Andika vizuri, wewe unajua kuandika."

Abdulkadiri amegonga meza mara moja. Daktari akamwangalia. "Sijakuambia wewe."

Nimesema sawa. Kwa sababu nampenda, na kwa sababu nilikuwa nataka kukubali. Nimeshawahi kubisha hodi kwa mzazi siku ya pili nikamkuta mtoto ana manjano, tukamwahisha, leo yuko darasa la nne. Mimi sihitaji almasi kuniambia.

Ijumaa, 25 Aprili

Mwongozo una kipengele kwa ajili ya hali hii hii. Kama kuna utafiti ambao msomaji angetegemea kuuona ndani na wewe umeuacha, utaje, na useme sababu. Hakikatazi kuuacha. Kinataka sentensi moja tu.

Nimekaa nyumbani na sentensi hiyo kutwa nzima. "Utafiti huu umeachwa kwa sababu ziara nyingi zilifanyika baada ya siku ya tatu." Inasomeka vizuri. Kila mtu angeipitisha.

Kabla ya kuituma nikajiuliza, kwenye tafiti nyingine wahudumu walifika siku gani? Nikafungua mmoja mmoja. Nyingi ziko sawa, siku ya kwanza, ya pili. Lakini mmoja, wa nchi za mbali, ule unaovuta almasi yetu kushoto kwa nguvu kuliko zote, ziara zake nazo zilichelewa. Karibu sawa na za Kisarawe. Huo tuliuingiza mwezi uliopita, na hakuna aliyeuliza siku, kwa sababu ulikuwa umetupa tulichokitaka.

Kwa hiyo sentensi yangu ina mlango mmoja na watu wawili wamesimama mbele yake. Nikimfukuza mmoja kwa sababu hiyo, mwingine naye atoke. Nikiwatoa wote wawili, nitakuwa nimebadili kanuni baada ya kuona majibu, na hilo nalo mwongozo unataka liandikwe: mlibadili nini, lini, kwa nini. Ningeandikaje "kwa nini"?

Nimefuta. Nimeandika upya kwa namna nyingine. Nimefuta. Jirani ameniita nianue nguo mvua inakuja, nimechelewa, zote zimelowa.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Nimefua tena. Didas ameuliza nina nini, nikamwambia. Amesikiliza mpaka mwisho.

"Wewe unaogopa nini, kumuudhi bosi au mpango kufa?"

"Mpango kufa."

"Na huyo mzee, aliogopa nini?"

Nimeendelea kukamua shuka.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimemfuata Daktari kabla wengine hawajafika. Nilikuwa nimeandika maneno ya kusema, lakini nilipomwona anafuta tope kwenye viatu kwa karatasi, amechoka, nikasema tu, "Daktari, nimeshindwa kuandika ile sababu."

"Umeshindwa vipi?"

Nimemwonyesha tafiti mbili bega kwa bega. Zote mbili ziara zilichelewa. Moja tunaitaka, moja hatuitaki. Amesoma, akarudia, kama mtu anayetafuta kosa langu. Ningefurahi kama angelipata.

"Nilijua," amesema mwishoni. "Si hili la siku. Nilijua tu kwamba nikikuuliza wewe utakubali. Abdul nisingemuuliza." Amekunja ile karatasi yenye tope. "Unajua mara ngapi nimewaambia wanafunzi, jibu lisilopendeza ni jibu? Nimeandika mpaka ubaoni."

"Na tufanyeje sasa na kikao?"

"Sijui, Eva. Kwanza tuingize tafiti zote ndani. Halafu nitakwenda nikasimame."

Abdulkadiri alipofika akatukuta tunakunywa chai. Amevua koti, akachungulia kompyuta yangu, akaona utafiti wa Kisarawe uko mahali pake. Akasema, "Basi na lile la ziara kuchelewa tulitazame. Ila tuseme wazi kwamba hatukulipanga tangu mwanzo. Kwamba ni wazo lililokuja baadaye, la kuchunguzwa, si la kuapia."

Tumelitazama siku nzima. Kule walikofika mapema, mambo yanaonekana mazuri zaidi. Yanaonekana tu. Tafiti ni chache. Tumeandika hivyo hivyo, na neno "yanaonekana" Abdulkadiri amelitetea kana kwamba ni shamba la urithi.

Alhamisi, 1 Mei

Mei Mosi. Maandamano yamelowa.

Jumanne, 6 Mei

Kikao. Mimi na Abdulkadiri tulikaa nyuma. Dk. Stellamaris amesimama na mchoro mmoja tu.

Amesema, "Mimi nimekuwa nikiwaambia kwamba ziara hizi zinaokoa watoto. Nilikuwa naamini, na bado nadhani hivyo. Lakini tumezikusanya tafiti zote, ukiwemo mmoja uliofanywa hapa kwenu, na ushahidi hautoshi kusema kwa uhakika. Inaelekea siku ya ziara ina maana kubwa. Hilo bado ni dhana."

Mmoja wa wakubwa, baba mwenye sauti nzito, ameuliza, "Daktari, sasa umekuja kutuambia tuufunge?"

"Nimekuja kuwaambia ninachokijua kinaishia wapi. Mngeufunga leo mngekuwa mnafanya kama vile imethibitishwa haisaidii. Hilo nalo halijathibitishwa."

Wamebishana mpaka chakula cha mchana kikapoa. Mwisho wameamua ziara zibaki, zisiongezwe vijiji vipya, mhudumu afike ndani ya siku mbili za mwanzo, na matokeo yakusanywe safari hii mpaka mwisho na yatangazwe yakiwa yoyote. Si ushindi. Daktari alipotoka nje amekaa kwenye ngazi, viatu pembeni, akacheka peke yake.

"Hawakusikia 'haifai'," amesema. "Nimewadharau miaka yote hii."

Alhamisi, 8 Mei

Mzee Mudathir amepiga. Anataka kuwasomea matokeo kina mama walioshiriki, wa kijiji cha kwanza ambacho vitongoji vyake vilichotwa kwenye bakuli. Anauliza kama tutakuja. Amesema, "Peke yangu sitaweza kufungua mdomo."

Jumatano, 14 Mei

Mvua nyepesi. Mafua.

Jumamosi, 17 Mei

Nataka niiandike siku hii yote kabla sijaisahau hata kidogo.

Tumefika mapema, Zena ametupeleka hadi zahanati ya kijiji. Kina mama walikuwa wamekaa barazani, wengine kwenye mabenchi, wengine kwenye mkeka, miavuli imeegemezwa ukutani inachuruzika. Wengi watoto wao wa wakati ule sasa ni wakubwa, wako sekondari. Mzee alikuwa amevaa kanzu mpya na kofia. Mikono alikuwa ameificha nyuma.

Amesalimia. Amewakumbusha bakuli, vikaratasi, maswali waliyojibu, wale wahudumu. Kisha amesema moja kwa moja, bila maneno ya kitabuni, kwamba walipohesabu mwisho wa mwaka, vitongoji vilivyotembelewa na visivyotembelewa vilikuwa karibu sawa. Kwamba hakuwaambia wakati ule, na alipaswa kuwaambia. Kwamba sasa utafiti huo umewekwa pamoja na tafiti nyingine za dunia na unasomwa.

Mama mmoja kwenye mkeka akainuka. Simjui, lakini wote waliinamisha macho, nikaona kuna kitu. Zena ameninong'oneza, "Maulida. Alifiwa mwaka ule."

"Mwalimu," amesema Maulida, "kitongoji chetu hakikutoka. Nilikuwepo, nilikuwa na tumbo langu kubwa, nimesimama hapo chini ya bendera. Kikatoka cha jirani. Nikajifungua mwezi ule ule. Mtoto hakumaliza wiki."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anamjua, niliona.

"Mume wangu hakusema kitu. Mama mkwe alisema. Alisema wenzako wanatembelewa na watoto wao wanapumua. Nikalibeba hilo. Nikazaa wengine, namshukuru Mungu, lakini kila nikipita pale kwenye bendera najiambia, kile kikaratasi kingekuwa chetu. Mkono ungeingia upande huu wa bakuli. Sasa wewe unasema ilikuwa sawasawa?"

"Ilikuwa karibu sawa, Maulida. Kule kwa jirani zako nako walizika."

"Umelijua tangu lini?"

Mzee alitoa mikono nyuma. "Tangu mwaka ule ulipoisha."

"Na tulikuwa tunakutana sokoni."

"Tulikuwa tunakutana."

"Tukiulizana hali."

"Ndiyo."

Hapo nikaona lazima niseme, maana ndiyo kazi yangu na nilikuwa naogopa ataondoka na zaidi ya tulichonacho. Nikasimama nikamwamkia, nikasema, "Mama, utafiti huu unasema ya wengi kwa jumla. Kwa mtoto mmoja, kwa mtoto wako, hatuwezi kusema ingekuwaje."

Ameniangalia kwa upole, kama mtu anayemwangalia mgeni aliyekanyaga mkeka na viatu.

"Najua, mwanangu. Ya mtoto najua ni ya Mungu. Sikuuliza ya mtoto. Nimeuliza ya kikaratasi."

Akarudi kukaa. Mama aliye jirani naye akamshika goti. Maulida akavuta mtandio akafunika uso, mabega yakawa yanakwenda, bila sauti, muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha. Mzee Mudathir alibaki amesimama mbele yake. Hakuomba msamaha kwa maneno. Alivua kofia akaishika kwa mikono miwili, akasimama hivyo mpaka Maulida alipofunua uso na kusema, "Kaa, Mwalimu. Umesimama sana."

Miaka yote ya wodini nilidhani jibu la "hakuna tofauti" ni jibu tupu, halimsaidii mtu. Sikujua kuna mtu alikuwa analihitaji hilo hilo, na mwenye nalo walikuwa wanakutana sokoni.

Abdulkadiri alikuwa nyuma ya nguzo. Nilimpa leso yangu bila kumwangalia, akaipokea bila kuniangalia.

Jumatatu, 19 Mei

Nimemsimulia Dk. Stellamaris. Amefunga mlango wake kidogo. Baadaye ametoka na kusema kwamba muhtasari wa mapitio tutauandika kwa Kiswahili pia, ukurasa mmoja, maneno ya watu, na mimi ndiye nitakayeuandika. Abdulkadiri atasoma kila sentensi. Nimesema kwa utani itatuchukua mpaka vuli.

Alhamisi, 22 Mei

Tumebishana asubuhi nzima juu ya neno "huenda". Limebaki.

Jumamosi, 24 Mei

Jua. Picha ya Ndege yote imeanika magodoro.

Mapitio yalitumwa jana jaridani. Mchoro una visanduku vyote, cha Kisarawe kikiwemo, na jina la utafiti limeandikwa pamoja na mwaka uliofanyika. Muhtasari wa Kiswahili nao umekamilika.

Mzee Mudathir amepiga simu mchana. Maulida alifika kwake juzi akiwa na neno: kuna vitongoji vingine vilivyokuwa kwenye bakuli, na kule nako kuna kina mama, na hakuna aliyewaambia kitu. Mzee anataka nakala za muhtasari, nyingi kadiri tutakavyoweza. Ataanza Jumatatu, kitongoji baada ya kitongoji, Zena amesema atakuwa naye. Njia za kule bado zina tope, lakini mito imeshuka.

Nimemuuliza kama tumtafutie gari la mradi.

Amesema hapana, atatembea.